Nyota Sita za Kapiteni

Ukipanda mlima wa Nyamirambo ukaupita msikiti, barabara inakata kona ghafla, na kwenye kona hiyo ndipo Twahiru fundi cherehani alipokuwa na duka lake. Mbele ya duka palikuwa na benchi, na benchi lenyewe lilikuwa ubao wa bodi la lori lililofia njiani likitoka Mombasa. Lilikuwa bado na herufi nyekundu, ambazo makalio ya watu yalikuwa yamezifuta karibu zote. Nchi nzima inalima kahawa na kunywa chai, lakini watu wa benchi lile walikunywa kahawa, tena chungu, kila siku baada ya sala ya alasiri. Mwenye buli alikuwa Mukarugwiza, mjane asiyemung'unya maneno. Mnunuzi wa kwanza alikuwa Munyaneza, ambaye wote walimwita Kilo kwa sababu aliuza maharage na mchele na kila jambo la dunia hii alilipima. Wa pili alikuwa Hakizimana, aliyempikia Mbelgiji mmoja wa Kiyovu, mtaa wa wakubwa, miaka kumi na minane, na tangu hapo jina lake likawa Briseli, kama mji mkuu wa Wabelgiji. Wa tatu alikuwa Gasana, muuza vipuri vya baiskeli, na huyo hakuna aliyemwita Gasana. Aliitwa Kapiteni. Alhamisi hiyo, mwisho wa Juni mwaka 1978, gwaride la sikukuu ya uhuru likiwa keshokutwa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika, na kikombe chake kilikuwa kimepoa bila kuguswa.

— Soma tena, Briseli, alisema Kapiteni.

— Nimeshaisoma mara tatu tangu juzi.

— Soma ya nne.

Briseli akavaa miwani yake, ile iliyofungwa kwa lastiki baada ya mkono mmoja kukatika. Barua ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka ikaanza kuachana kwenye mikunjo. Ilitoka makao makuu ya Kadeti wa Vijana, chama cha watoto wa shule na vijana wa mitaani waliofundishwa gwaride, huduma ya kwanza na kupanda miti. Halikuwa jeshi, na hapakuwa na hata bunduki moja, lakini vyeo vilikuwa vilevile vya kijeshi: serija, ajida, liyetona, kapiteni. Gasana alikuwa ameongoza kikosi cha Nyamirambo kwa miaka kumi na mitano, na kila Alhamisi alikuja benchini amevaa shati lake la kaki, nyota tatu bega hili na tatu bega lile, akisubiri saa kumi na moja awateremkie vijana wake uwanjani.

— Bon, alisema Briseli. Iko inasema hivi. Kuanzia tarehe moja ya mwezi wa saba, ofisa mwenye kupita miaka arobaini na tano, ofisa tena hapana. Anakuwa mshauri. Mshauri haina cheo. Nyota zake anampa mwenye kukamata nafasi yake, mbele ya gwaride. Jina la huyo mtu litasomwa uwanjani Jumamosi. Na mwenye kukamata nafasi asipokuwa na nyota, hapandishwi. Nyota mpya hakuna. Vwala. Mwisho wa barua.

— Haijasema sababu, alisema Kapiteni.

— Barua ya wakubwa haisemi sababu, sha. Sababu tunaitafuta sisi.

Twahiru hakuinua kichwa. Cherehani yake ilikaa barazani kwa ajili ya mwanga, hatua mbili tu kutoka benchini, na miguu yake ilikuwa ikikanyaga pedali polepole kuliko kawaida. Alikuwa akishona shati la kaki. Mwanga wa alasiri uliangukia mgongo wake na jasho lilikuwa limeshamlowesha kwapani, wala siku hiyo haikuwa ya joto.

Maana Twahiru alilijua jina litakalosomwa. Alikuwa amelijua tangu Jumatatu jioni, pale Mukashema, bintiye mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, alipoingia nyumbani na bahasha ya makao makuu na kuisoma akiwa amesimama mlangoni na viatu mguuni. Ukurasa wa pili wa barua ile, ambao makapiteni wazee hawakutumiwa, ulisema kwamba kuanzia sasa wanawake nao wanaweza kuwa maofisa. Mukashema alikuwa amefanya mtihani mwezi wa nne bila kumwambia mtu, na sasa jina lake ndilo lililoandikwa kwa kikosi cha Nyamirambo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na sita kati ya hiyo alifundishwa gwaride na Kapiteni mwenyewe.

Jumatatu usiku Twahiru alifurahi mpaka akakosa usingizi. Jumanne alikuja benchini akiwa amekusudia kusema, akakuta Kapiteni amesimama na barua mkononi, mishipa ya shingo imemsimama, akisema mbele ya watu: "Nyota hazitoki hapa begani. Anayezitaka aje azichukue." Basi Twahiru akakaa, akakanyaga cherehani, akanyamaza. Jumatano akanyamaza tena. Na mtu akinyamaza siku mbili, siku ya tatu mdomo unakuwa mzito kuliko jiwe la kusagia.

— Mimi sababu naijua, alisema Kilo akisukuma kikombe chake mbele. Iko hesabu tu. Kila mtu anataka kuwa kapiteni, mwenye kutaka kuwa serija hakuna. Kile kikosi cha kule bondeni, mbese munakijua? Batoto kumi na saba, maofisa tisa. Ukigawa, kila ofisa hapati hata batoto wawili. Sasa ofisa iko anaamrisha nini? Anaamrisha mtoto mmoja na mguu mmoja wa jirani!

— Kikosi changu kina vijana sitini na wawili, alisema Kapiteni.

— Sikusema wewe. Wewe uko na uzito.

— Sababu haiko hesabu, alisema Briseli. Sababu iko ile kitu ilipita mkoani. Sitaji mkoa. Kapiteni mmoja, muzee rwose, muzee kabisa, alisimama mbele ya kikosi, jua linapiga. Akavuta pumzi aseme "kulia geuka". Pumzi ikampotea. Akaanguka kifudifudi. Alo, batoto walifundishwa kutii. Wakaona kapiteni amelala, wakajua ndiyo amri. Wote arobaini, pu! chini. Na mgeni wa heshima naye, kwenye kiti chake, akawaza: basi mimi nafanya nini?

— Naye akalala? aliuliza Mukarugwiza.

— Hiyo sikuambiwa.

Kilo alicheka mpaka akakohoa. Kapiteni hakucheka. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, kama alivyokaa siku zote, na nyota zake za shaba zilikuwa zimesuguliwa kwa majivu na ndimu hadi zinaumiza macho. Twahiru alizitazama kwa pembe ya jicho. Kila moja alikuwa ameishona kwa mkono wake, kwa uzi alioupaka nta, mafundo matatu kwa kila nyota.

Na jana, Jumatano, shati lile lilikuwa limelala dukani kwake usiku kucha. Kapiteni alilileta limefumuka kwapani. Twahiru alirekebisha kwapa, kisha akakaa na wembe mkononi akizitazama nyota sita. Ingekuwa kazi ya dakika tano. Lakini Twahiru alikuwa na sharti lake, alilolirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu aliyekuja na misafara kutoka pande za Ujiji: alama ya mtu haifumuliwi mwenyewe asipokuwepo. Iwe utepe wa karani, iwe beji ya dereva, iwe herufi ya jina kwenye kanzu. Mke akija kusema mume wangu amenituma, anaambiwa amlete. Bosi akija kusema yule nimemfukuza, anaambiwa vilevile. Mafundi wengi wa mtaa ule walimcheka kwa sharti hilo, na wateja wengi walimpenda kwa sababu yake. Basi aliuweka wembe chini, akalikunja shati, na asubuhi akamrudishia mwenyewe na nyota zake zote.

— Ninyi wanaume munazunguka tu, alisema Mukarugwiza akimimina kahawa. Barua iko inasema miaka. Kapiteni, wewe uko na miaka ngapi?

Ilikuwa kama amemwuliza mtu bei ya sanda.

— Hamsini na moja, alisema Kapiteni.

— Basi.

— Basi nini, Mama? Hamsini na moja si ugonjwa! Napanda hii mlima na baiskeli begani! Hao vijana wenyewe wakikimbia na mimi wanatapika!

— Nami sikusema unaumwa. Nimesema barua haikuuliza kama unapanda mlima.

— Mutulie, mutulie, aliingilia Briseli, ambaye hakupenda ukweli usimame peke yake bila kuvishwa kitu. Hamuoni mbali. Mimi nimekaa na wakubwa, nimewapikia, najua namna wanafanya kazi. Mtu wakitaka kumpa kitu kikubwa, kwanza wanamtoa kwenye ile ndogo. Halafu wanakaa kimya kidogo, wamutazame kama atalia. Asipolia, vwala! Kesho Kapiteni anaitwa Kiyovu. Anapewa ofisi. Anapewa meza yenye droo. Vikosi vya nchi nzima vinakuwa chini yake!

— Na gari, aliongeza Kilo.

— Gari ni lazima! Nyota sita kwenye shati, hiyo nayo ni kitu gani? Atapata nyota kwenye gari!

Twahiru aliona bega la Kapiteni limenyanyuka kidogo na jicho lake limewaka. Rafiki yake alikuwa anaamini. Mtu mzima, mwenye akili zake, aliyemfundisha nusu ya mtaa kutembea kwa mstari, alikuwa anaamini maneno ya mpishi kwa sababu hakuwa na jingine la kushika. Twahiru aliona uchungu, akaona na aibu, na katikati ya hayo yote fahari ya Mukashema ilikuwa bado ipo kifuani, haikutaka kutoka. Hilo ndilo lililomtesa zaidi.

— Twahiru, alisema Kapiteni. Mbona wewe husemi? Siku tatu sijasikia sauti yako.

— Kazi nyingi, ndugu yangu. Sikukuu.

— Wewe unaonaje? Nani atapewa kikosi changu?

Pedali ikasimama. Twahiru alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, kwenye meno, jina la bintiye. Akasema:

— Mungu anajua.

Na huo haukuwa uongo, kwa kuwa Mungu naye alijua.

— Atakuwa mtoto wa mkubwa, alisema Kilo. Yule mwenye pikipiki.

— Atakuwa Mbelgiji, alisema Briseli.

— Mbelgiji! alisema Mukarugwiza. Ya kufanya nini?

— Kufundisha. Wanarudi kidogo kidogo, kupitia michezo.

— Wewe Briseli ukiulizwa nani aliiba kuku utasema Mbelgiji!

— Hapana, alisema Kilo na kusimama ghafla, macho yamemtoka. Hapana, ngojeni! Sisi wajinga, rwose! Tunatafuta jibu mbali na jibu iko hapa. Twahiru! Hii shati unashona, ya nani?

Twahiru akaweka kiganja juu ya kitambaa.

— Ya mteja.

— Kaki.

— Kaki watu wengi wanavaa.

— Iko na vipande vya mabegani! Hiyo ni shati ya ofisa. Na Kapiteni shati yake anayo mwilini. Basi hii ni ya nani? Ni ya huyo mtu!

Kabla Twahiru hajasema neno, Kilo alikuwa ameshalivuta shati kutoka kwenye mashine, uzi ukakatika, akalinyoosha mbele ya kifua chake mbele ya wote.

— Haya, tumpime! Mwaona, mwembamba huyu. Shingo yake, naweza kuishika kwa mkono moja. Mikono mifupi. Huyu hajala vizuri. Kilo hamsini na tano, hazidi!

— Basi si Mbelgiji, alisema Mukarugwiza kwa haraka. Lakini alikuwa ameshamtazama Twahiru, kisha shati, kisha Twahiru tena, na buli likabaki limeinama mkononi mwake bila kumimina. Akaongeza: Kilo, rudisha shati ya watu. Utaimwagia kahawa.

— Subiri. Kiuno hiki! Kiuno cha nyigu!

— Kilo, rudisha!

— Lete hapa, alisema Kapiteni.

Alisema kwa ile sauti ya uwanjani, ambayo haikuwa kubwa lakini vijana sitini na wawili waliisikia kutoka mwisho wa mstari. Kilo akampa. Kapiteni hakulinyoosha shati kama Kilo. Alilitandika magotini, akalipigapiga kulitoa vumbi, akaanza kulikunja kama alivyowafundisha makadeti wake kukunja: kola juu, mikono nyuma, vifungo vyote vifungwe kwanza. Hata shati la adui wake hakuweza kuliacha limekunjamana.

Vidole vyake vikaenda kwenye kifungo cha kwanza. Vikakosa. Vikaenda tena. Vikakosa tena, kwa sababu pale vilipozoea kukuta kifungo palikuwa na tundu, na pale penye tundu palikuwa na kifungo. Vifungo vyote vya shati lile vilikuwa vimeshonwa kushoto.

Hapo Nyamirambo, mtaa wa mafundi, hata mtoto wa miaka saba anajua shati la upande huo ni la nani: ni la mwanamke.

— Twahiru, alisema. Hivi vifungo.

Twahiru alikuwa ameshona miaka thelathini. Angeweza kusema mambo mengi. Lakini hofu ilimsemesha jambo ambalo fundi yeyote wa mtaa ule asingeweza kulisema bila uso kumwiva.

— Nimekosea, alisema. Nimeviweka upande mbaya. Usiku, taa ilikuwa ndogo.

— Wewe?

— Ndiyo.

— Wewe umekosea vifungo.

— Nitavihamisha.

Kilo alikaa polepole. Briseli alivua miwani na kuanza kuifuta kwa ncha ya shati, na Mukarugwiza akaliweka buli chini. Katika wanawake wote wa kikosi kile, mmoja tu alikuwa na shingo ile na mikono ile, na wote walimjua tangu alipokuwa akitumwa sukari. Kapiteni alimaliza kulikunja shati, akafunga vifungo vyote kimoja kimoja, kinyumenyume, taratibu, kama mtu anayejifunza. Kisha akaliweka juu ya meza ya cherehani.

— Ulijua lini?

Twahiru alitazama mikono yake.

— Jumatatu.

— Jumanne nilikuwa hapa napiga kelele kama mtoto. Ulikuwa umekaa hapohapo.

— Nilikuwa hapa.

— Jana nilikuachia shati yangu. Usiku mzima. Ungezitoa tu, Twahiru! Ungesema zimeanguka, ungesema panya!

— Wewe hukuwepo, alisema Twahiru, na sauti yake ikapasuka. Nisingeweza, wallahi. Na kukuambia pia nilishindwa. Kila asubuhi nasema leo. Nakuja, nakuona na hizo nyota zako umezisugua, nasema kesho. Ningeanzia wapi? Ningesema nini, Gasana? Kwamba kitu unachokipenda wanakupokonya, na wanampa mwanangu, na mimi nimefurahi?

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mtu kulitaja jina hilo benchini. Briseli alitazama huku na huku kama kwamba mgeni ameingia.

Kapiteni alisimama. Alikaza mkanda, akavuta shati chini, akageukia barabara. Wote walidhani anaondoka, na Twahiru alijua kwamba akiondoka namna ile hatarudi, si kesho wala mwaka ujao, na kwamba benchi litabaki na nafasi ambayo kila mtu atakuwa anaikwepa kuikalia. Alitaka kusimama amzuie.

Lakini Kapiteni hakwenda mbali, kwa sababu Mukashema alikuwa anapanda mlima.

Alikuja kwa mwendo wa haraka, kitambaa kichwani, vumbi la uwanja kwenye viatu, ubao wa kuandikia umebanwa kwapani. Alipomwona Kapiteni alisimama hatua tatu mbele yake, visigino pamoja, akapiga saluti. Aliipiga kama alivyofundishwa, bila haraka. Kapiteni aliirudisha. Mkono wake ulijipandisha wenyewe kabla hajauamuru.

— Mon kapiteni, samahani, nimekuja mpaka hapa. Vijana wamefika wote. Sitini na wawili, hakuna mgonjwa. Wanakungoja.

— Wananingoja mimi?

— Leo bado ni Alhamisi, mon kapiteni.

Halafu akaliona shati juu ya meza, limekunjwa, limefungwa vifungo. Akauona uso wa baba yake. Akaelewa. Alivuta pumzi, na kwa dakika moja akawa yule mtoto aliyekuwa akitumwa sukari, kisha akajikaza.

— Nilitaka nikuambie mimi mwenyewe, alisema. Baba alisema ngoja, atakuambia yeye.

— Ameniambia, alisema Kapiteni. Vifungo vimeniambia.

— Kama hutaki kuzitoa, mimi sitazidai. Nimeshasema nyumbani. Jumamosi nitasimama bila nyota na wasome jina la mwingine. Lakini orodha ya gwaride lazima niipeleke ofisi ya komini leo, kabla hawajafunga.

Alitoa ubao kwapani. Karatasi ilikuwa imechorwa mistari kwa rula, mraba mmoja kwa kila mtu, safu kwa safu, kutoka wapiga ngoma mpaka wabeba machela. Majina yalikuwa yameandikwa kwa mwandiko wa mwalimu. Aliigeuza ili waone wote.

— Wapiga ngoma wako hapa. Bendera hapa. Wasichana, wavulana, huduma ya kwanza. Kamanda wa kikosi, hapa mbele, peke yake. Kila mtu nimempa mahali pake. Jina lako nimeliandika chini, nje ya mistari, kwa sababu sijui niliweke wapi. Barua inasema mshauri, lakini gwaride halina mraba wa mshauri. Nimewauliza makao makuu, nao hawajui. Na sijui kuongoza gwaride bila wewe kuwa mahali nakuona.

Alimtazama usoni, kalamu tayari.

— Mon kapiteni, Jumamosi wewe utasimama wapi?

Kilo alifungua mdomo, mtu ambaye hajawahi kukosa kipimo cha kitu. Akaufunga. Briseli aliichukua ile barua ya makao makuu, akaisoma kimoyomoyo mpaka chini, akaigeuza nyuma kama kwamba labda kuna neno limejificha huko. Nyuma palikuwa patupu. Mukarugwiza aliinamisha buli kwenye kikombe cha Kapiteni, ambacho kilikuwa bado kimejaa, ili mikono yake iwe na cha kufanya, yakatoka machicha. Twahiru alifikiri: pembeni kwa wageni waalikwa? Hapana, si mgeni. Barabarani na watazamaji? Mungu apishe mbali. Nyuma ya safu, na wabeba machela? Wote wanne walitafuta, kila mmoja kwa njia yake, na uwanja mzima wa gwaride ulikuwa umejaa.

Kapiteni naye aliitazama karatasi. Alipitisha kidole juu ya safu, akaonyesha jina moja la mpiga ngoma lililoandikwa mara mbili. Kidole kikafika ule mraba wa mbele, wa peke yake. Kikasimama hapo kidogo, kikaondoka.

Kisha akaanza kufungua vifungo vya shati lake. Vilikuwa kulia, mahali vidole vyake vilipovijua. Alilivua akabaki na fulana nyeupe, mikono myembamba kuliko walivyoidhania, akalitandaza juu ya meza ya cherehani, mabega yakimtazama fundi.

— Fumua, alisema.

— Gasana, wacha. Leo umekasirika. Kesho ni Ijumaa, tukitoka msikitini tutakaa, tutazungumza...

— Uliniogopa siku tatu, Twahiru. Nimekuwa mtu wa kuogopwa na wewe?

Twahiru alilisukuma shati nyuma kidogo.

— Chukua wembe.

— Siwezi. Unajua sharti langu.

Kapiteni akavuta kigoda cha wateja, akakaa mbele ya cherehani, karibu kabisa, magoti yake yakigusana na ya rafiki yake. Akaweka viganja viwili juu ya meza, kila upande wa shati.

— Mwenyewe nipo, alisema.

Twahiru akachukua wembe. Fundo la kwanza lilikataa, kwa sababu alikuwa amelifunga yeye, kwa nta, akitaka lisifunguke. Nyuma yao Mukashema alisimama na kalamu mkononi, karatasi imeelekezwa kwa mtu yeyote atakayesema Kapiteni asimame wapi, na jina lake bado liko chini, nje ya mistari.